Duara la Chaki kwenye Jiko la Bibi Melania

Siku nilipokabidhi kazi mlinipa doti mbili za khanga na keki, mkanitaka niseme machache. Sikusema, maana nzi walikuwa wameshaanza na ile keki. Nayaandika hapa, mtasoma mkiwa na nafasi.

Ya vyeo nayaacha. Kwenye karatasi za kipindi niliandikwa "msaidizi wa uzalishaji", jina ambalo mpaka leo sijui maana yake. Mafundi waliniita Mama Maboksi. Hilo la mafundi nililielewa.

Kwa aliyeingia kazini juzi, nieleze kidogo. Kipindi chetu cha televisheni huchagua familia, huihamishia nyumba ya wageni kwa siku saba, hukarabati nyumba yao mbele ya kamera, kisha huwarudisha wakiwa wamefungwa vitambaa machoni. Mtazamaji anaona kuta zikianguka, halafu anaona watu wakilia kwa furaha. Haoni kwamba kabla ukuta wa kwanza haujaguswa, lazima mtu aingie ndani, atoe kila kitu, akifunge, akitunze, na siku ya saba akirudishe. Mtu huyo nilikuwa mimi, miaka kumi na moja, Iringa na Mbeya. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mgongo ulistahimili.

Kufunga vitu sikujifunza kwenye televisheni. Nilijifunza ujanani, Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi. Nilitoka kwetu Mlandege, Iringa mjini, nikiwa sijawahi kulala nje ya mji, nikapelekwa chumba cha kufungasha, kwa msimamizi aliyeitwa Mzee Mgaya. Alikuwa Mlutheri, Mbena, mtu wa maneno machache na suruali yenye mifuko mingi. Siku ya kwanza nilifunga bunda la karatasi nikalizungushia kamba mara nne, nikaona nimeweza. Mzee Mgaya alilichukua, akalinyanyua usawa wa kifua, akaliachia. Likapasuka sakafuni.

"Binti Mlandege," akasema, "kamba umetumia ya kuchinjia ng'ombe, lakini mkunjo huna. Karatasi inafungwa na mkunjo. Kamba ni ushahidi tu."

Nilikunja na kukunjua mpaka vidole vikachanika. Wiki ya tatu aliliachia bunda langu likatua zima. Hakunisifu. Alinipa chaki, akanionyesha pa kuandika alama, akasema neno ambalo nimelibeba maisha yangu yote: "Ukiweka alama umeapa. Mwenzako hatafungua kuangalia. Ataamini."

Mimi nilikuwa nimesoma Kurani chuoni kwa maalimu wetu, najua kiapo ni nini na amana ni nini. Maalimu alitufundisha kwamba kitu ulichoachiwa na mtu, hata kama ni kibovu, hukipimi kwa macho yako. Unakirudisha kama kilivyo, kwa sababu mwenyewe ana Mola anayemwona. Sikutegemea kulisikia somo hilohilo tena kutoka kwa Mlutheri, katikati ya mashine zinazonguruma. Ndivyo Mungu anavyofundisha, hachagui jengo.

Nilipotoka kiwandani nilirudi Mlandege, nikawa nawafungia vitu watu wanaohama. Mtu wa kipindi aliniona nikishusha kabati la vyombo bila kutoa vyombo, akaniuliza kama naweza kufunga nyumba nzima kwa siku moja. Nikamwambia inategemea nyumba ina bibi au haina. Alidhani natania.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Mbeya mjini, ya mzee mmoja mstaafu wa reli. Nilikuta chini ya kitanda kopo la misumari iliyopinda. Kijana mmoja wa kamera akasema, "Mama, hiyo tupa, atawekewa kila kitu kipya." Nikaifunga karatasi, nikaandika, nikairudisha chini ya kitanda kipya, palepale. Siku ya saba mzee alipofunguliwa macho alishukuru kwa adabu, akashika kuta, akashika mapazia. Kisha akainama, akavuta kopo, akakaa kitandani akilia. Kumbe ndiyo kazi yake ya jioni, kunyoosha misumari. Anasema humsaidia kufikiri.

Baada ya Mbeya nikatunga kanuni yangu. Kilichopigiliwa kwenye nyumba ni cha fundi. Kisichopigiliwa ni amana, nami nitakitoa. Chumba nikikimaliza nachora duara la chaki kwenye mlango, maana yake hamna kitu cha mtu humu, bomoeni. Fundi Sanga, kiongozi wa mafundi wetu, hakuwahi kugusa ukuta bila duara langu, na hakuwahi kufungua mlango wenye duara kuangalia tena. Aliamini. Kanuni hiyo ilinifaa miaka mingi, nikaizoea kama mtu anavyozoea kiatu. Kiatu ulichokizoea hukiangalii chini.

Sasa niwasimulie kijiji kimoja cha mlimani, upande wa Kilolo, na Bibi Melania.

Alikuwa mjane Mhehe, Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, akiishi na mjukuu wake Devota, ambaye ndiye aliyekiandikia barua kipindi. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati limetoboka, na nyuma yake jiko la kujitegemea, jeusi kwa moshi kama ndani ya chungu. Mvua za kupandia zilikuwa zinanukia. Nilipofika kumuaga alinishika mikono yote miwili, akanisalimu Kihehe.

"Kamwene, Bi Zuhura. Wewe ndiye unabaki na vitu vyangu?"

"Mimi, Bibi."

"Basi huko niendako nitalala usingizi."

Akapanda gari na Devota, wakapelekwa Iringa mjini.

Nilifunga nyumba kubwa mpaka saa nane. Dairekta wetu, Denis, kijana kutoka Dar es Salaam, mwepesi wa akili na mwenye haraka ya kudumu, alikuwa anataka jua la alasiri kwa ajili ya kubomoa jiko. "Bi mkubwa, jua linanikimbia," akanihimiza mara tatu. Nikaingia jikoni. Nikatoa vyungu, mwiko, kinu, kibao, kiti cha kukunja. Nikaangaza tochi ya simu juu. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga wa miti uliopigiliwa ukutani, na kwenye miti ile vitu vyeusi vimefungwa, vimejaa masizi, vimening'inia kama popo. Nikasema moyoni, haya ni masalia ya paa. Uchaga umepigiliwa, ni wa fundi. Nikatoka, nikachora duara.

Mimi ni mtu wa mjini. Kwetu mahindi yalikuja yakiwa unga, kwenye mfuko. Silitaji hilo ili nisamehewe. Nalitaja ili mjue kosa lilipoingilia.

Jiko lilianguka vizuri sana, kwa maana ya kamera. Miti ikatupwa kwenye moto wa takataka. Kesho yake asubuhi, moto ukiwa bado unafuka, jirani yake Bibi, Mama Faraja, alipita na jembe begani. Akasimama. Akanusa. Akaweka jembe chini.

"We mama wa mjini, hapa mmechoma nini?"

"Takataka za jikoni."

"Takataka! Yesu na Maria!" Akachokoa majivu kwa mpini, akatoa hindi moja lililoungua nusu, akalipasua. Ndani ya maganda meusi palikuwa na punje ndogo, nyeupe, zenye mistari myekundu, zilizokuwa zimeiva kwa moto wa jana. "Hii mbegu yake! Alikuja nayo akiwa bi harusi. Sisi wote ukanda huu tunapanda mbegu ya Melania. Anaiweka moshini fukusi wasiingie. Mvua ziko mlangoni, mnamchomea mbegu?"

Nilienda kwenye mlango uliolala chini, nikaliangalia duara langu. Lilikuwa limechorwa vizuri.

Denis alisikitika kweli, msimwonee. Lakini dairekta akipata tatizo hulifikiria kama picha. "Bi mkubwa, tunamnunulia mbegu ya kisasa, mifuko na mifuko, tunampa mbele ya kamera. Watu watalia. Ila asiambiwe kabla. Akija amenuna, kipindi kimekufa."

"Hizo ni zake za kununuliwa. Zile ni zake za kuachiwa mimi."

"Sasa utazitoa wapi? Zimeungua."

"Sijui. Na kabla hajafunguliwa macho, nitamwambia."

"Mama, ukimwambia, itabidi nikuondoe kwenye kikosi."

"Andika barua," nikamwambia. "Ila usinipe leo, leo nina kazi."

Nikamwuliza Mama Faraja: kama ukanda mzima unapanda mbegu ya Bibi, si ipo kwenye majiko ya watu? Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. Akanieleza desturi yao. Mbegu ya namna ile haiuzwi, huombwa. Aliyepewa hudaiwa na aliyempa; mwenye mbegu akipatwa na moto au panya, anazunguka na kapu, na hakuna wa kumnyima. "Lakini anazunguka mwenyewe," akasema, "siyo anatumwa mtu."

"Nitasema ukweli kwamba mimi ndiye niliyeichoma."

"Hiyo," akasema, "sijawahi kuiona." Akachukua kapu lake.

Tulitembea siku mbili, mlima kwa mlima, magoti yangu yakiniuliza maswali. Kila nyumba nilisema maneno yaleyale: mimi ndiye niliyeachiwa vitu vya Bibi Melania, nimechoma mbegu yake kwa kutojua, nimekuja kumwombea nyingine. Nyumba nyingine walinipa kabla sijamaliza. Nyingine walinicheka kwanza. Mzee mmoja, aliyekuwa anachonga mpini uani, alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchonga.

"Mlikuja na malori mawili na vipaza sauti," akasema. "Mtoto wangu kaacha shamba siku nzima kuwaangalia. Leo unaokota kwa kapu?"

"Ndiyo, baba."

"Na ile mashine inayoruka na kamera, haioni mbegu?"

"Inaona bati tu, baba."

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. Akamwita mkewe, wakapanda uchagani, wakashusha kichala kizima cha mahindi. Mama Faraja aliyakagua yote barabarani, akitoa yale yaliyochanganyika na mbegu ya dukani. Kila kichala nilikifunga karatasi ya kaki, kwa mkunjo wa Mzee Mgaya, nikaandika jina la nyumba. Wakati wa swala nilitandika khanga pembezoni mwa mashamba. Mama yule alisimama mbali kidogo akilinda kapu dhidi ya mbuzi. Hakuna kati yetu aliyemsemesha mwenzake juu ya dini. Tulisemezana sana juu ya mbuzi.

Jioni ya siku ya pili, wakati jua bado lipo, nilimkuta Fundi Sanga anaweka vigae kwenye jiko jipya la ndani. Jiko zuri, la gesi, kabati nyeupe mpaka juu. Nikatazama dari ya bodi iliyopakwa rangi, nikajikuta nauliza, "Sanga, mbegu hizi atazining'iniza wapi?"

Akaangalia dari. Akaangalia kapu langu. "Moshi hamna," akasema polepole. "Bi Zuhura, tumemjengea jiko lisilo na moshi."

"Na wakati wa baridi atakaa wapi kuota moto?"

Sanga ni Mkinga, amekulia Makete. Anaijua baridi. Aliweka mwiko wake chini akaanza kusaga meno. Denis alipoambiwa alisema wadhamini wametoa jiko la gesi, na jiko la moshi haliwezi kuonekana kwenye kipindi chao. "Basi lisionekane," Sanga akajibu. Mafundi walikusanya tofali za zamani, mafiga yaleyale matatu, na mabati yaliyobaki, wakajenga nyuma ya nyumba kwa siku mbili, kila mtu akiiba saa kutoka kwenye kazi yake. Uchaga niliusimamia mwenyewe. Niliupima kwa mkono wangu na Mama Faraja akaupima kwa wake, na wake ndio uliofuatwa.

Siku ya saba, baada ya swala ya alfajiri, nilipanda gari la mboga mpaka Iringa mjini, nikaenda kwenye nyumba ya wageni. Kwenye gari nilipanga maneno, nikayapangua. Bibi Melania alikuwa amemaliza rozari, amekaa kitandani, kitambaa cha kufungia macho kimekunjwa pembeni yake tayari. Devota alikuwa anampaka mafuta miguuni.

Nilikaa kwenye mkeka. "Bibi, uliniachia vitu vyako. Vya nyumbani vipo vyote. Mbegu iliyokuwa juu ya moto, haipo. Nilidhani ni uchafu. Duara la kuruhusu kubomoa nililichora mimi, siyo fundi, siyo dairekta. Imeungua yote."

Devota alisimamisha mkono. Nilisikia mtu anafagia uani, nikahesabu mikwaruzo ya ufagio wake, maana sikuwa na kingine cha kufanya.

"Bi Zuhura," akasema mwishowe, "kijijini kwetu kuna simu."

Nikainua uso.

"Nilijua tangu asubuhi ile. Huyu hapa alitaka tupande gari turudi, akawatukane. Nikamwambia kaa. Nataka nione kama wataniambia, au watanifunga kitambaa nikiwa mjinga." Akatazama kitambaa. "Kila jioni yule kijana wenu alinipigia: Bibi unaendeleaje, Bibi umekula. Nikasema, leo ataniambia. Hakuniambia. Nikasema, basi wote lao moja." Akaninyooshea. "Sasa naweza kufungwa macho. Nifunge wewe."

Nikafungua begi, nikatoa vifurushi vyangu vya kaki, nikaviweka mapajani pake. Hakusoma majina niliyoandika kwa bidii ile. Alifungua karatasi, akapapasa fundo la maganda kwa kidole gumba.

"Hili la Mama Faraja, anafunga kama anafunga mbuzi. Hili la kwa yule mzee wa mipini. Eti katoa kichala kizima? Mwaka ule aliniomba akapewa viwili, mchoyo yule. Hili…" akalishika muda mrefu, "hili nilimfundisha mimi kufunga. Binti yangu, marehemu mama yake Devota. Alikuwa amempa shemeji yake. Sikujua kama bado lipo." Devota alilichukua, akaligeuzageuza, akalirudisha mapajani pa bibi yake.

Mchana walirudishwa. Nilimfunga kitambaa mimi, nikamfungua mimi, jambo ambalo Denis hakulipenda, kwa sababu mikono yangu imezeeka na kamera zake ni za karibu. Bibi aliangalia sebule, akasema Mungu awabariki. Akaangalia kabati nyeupe, akasema Mungu awabariki sana. Akapita katikati yao wote, akafungua mlango wa nyuma, akaenda moja kwa moja kwenye harufu ya moshi. Mama Faraja alikuwa ameshawasha. Bibi alipoona mafiga yake matatu na uchaga juu yake, alikaa chini palepale, na khanga yake mpya, akavuta kichala cha kwanza begini. Kamera ilimfuata, haikuwa na la kufanya. Kipindi kiliporushwa hewani, jiko la nyuma lilionekana kwa muda wa kupiga chafya. Barua ya kuniondoa haikuandikwa. Denis alikuja kuniambia, siku nyingi baadaye, kwamba jioni zile za simu zilikuwa zinamkera kooni. Nikamwambia alhamdulillahi, koo linalokereka lina uhai.

Tangu hapo, vijana wangu, sijachora duara peke yangu. Kabla mwenye nyumba hajapanda gari, namshika mkono naingia naye kila chumba, namwomba anyooshe kidole juu, kati, chini, aseme hiki ni nini. Inachukua nusu siku. Dairekta atawaambia jua linakimbia. Liacheni likimbie, kesho litarudi, ndiyo kazi yake. Na wala msiniambie kanuni yangu ya msumari ilikuwa nzuri. Ilikuwa nyepesi, nami niliipenda kwa wepesi wake.

Jambo moja limebaki. Jioni ile nilipokuwa napanda gari la vifaa, Bibi Melania alinifuata akiwa na hindi moja mkononi.

"Hili peleka kwako."

"Bibi, hii ni mbegu yako. Imeshapata shida ya kutosha."

"Nimeangalia majina uliyoandika kwenye zile karatasi," akasema, "Devota amenisomea. Nyumba zote zilizonitunzia zimo. Ya kwako haimo. Nikipatwa na moto mwingine, nije kuomba wapi?"

Kwetu Mlandege hakuna shamba, lakini nyuma ya nyumba kuna kipande cha ardhi kinachotosha mistari miwili. Kila mwaka napanda, kila mwaka navuna kichala kimoja, na jiko langu la mkaa nimelihamishia uani chini ya kibanda ili lipate pa kutupia moshi. Majirani wanasema Bi Zuhura amestaafu akawa mshamba. Kichala kimening'inia pale sasa, cheusi kama popo. Sijakifunga karatasi wala sijakiandika jina, maana mwenyewe anajua njia ya kuja.